Marmaduke Pickthall: Mwandishi wa Kiingereza Aliyeihudumia Qur'ani

Marmaduke Pickthall alizaliwa London mwaka 1875, baba yake akiwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Alipokuwa kijana, katika miaka ya 1890, alisafiri Misri, Palestina na Sham, akajifunza Kiarabu. Huko Damascus alitaka kusilimu. Sheikh mzee wa Msikiti wa Bani Umayya, aliyekuwa akimsomesha, alimshauri asiharakishe, bali amfikirie mama yake. Akarejea kwao bila ya kutoa shahada.

Hapa pana somo kwa maimamu. Imam Nawawi (Allah amrehemu) ameeleza katika al-Majmuu kuwa ni haramu kumwambia anayetaka kusilimu asubiri, hata kama ni kwa ajili ya kukoga tu. Ni wajibu kumhimiza aingie papo hapo. Sheikh yule yaonekana alisukumwa na huruma, lakini umri wa mja haumo mikononi mwetu. Pickthall alitangaza Uislamu wake mwaka 1917, baada ya miaka ipatayo 20. Je, lau mauti yangemfika kabla ya hapo?

Katika miaka hiyo alipata sifa kwa riwaya yake Said the Fisherman (1903), na kwa makala za kuitetea Uturuki. Baada ya kusilimu aliwasalisha Waislamu wa London. Mwaka 1920 akaenda India kuhariri gazeti la Bombay Chronicle, lililopinga utawala wa Waingereza wenzake, hadi mwaka 1924. Kisha akahamia Hyderabad, akawa mwalimu mkuu wa skuli, na mwaka 1927 akawa mhariri wa jarida la Islamic Culture.

Nizam wa Hyderabad alimpa likizo yenye malipo ili akamilishe kuifasiri Qur'ani kwa Kiingereza. Alikwenda Misri kushauriana na wanachuoni, ambako baadhi ya masheikh walipinga kazi hiyo. Ilipotoka mwaka 1930, Pickthall alieleza katika dibaji kuwa Qur'ani haiwezi kutafsiriwa, na kwamba kitabu chake ni maelezo ya maana yake tu. Msimamo huo unaafikiana na madhehebu ya Imam Shafii, kuwa tafsiri haisimami mahali pa Kiarabu katika sala.

Alifariki mwaka 1936, akazikwa Brookwood, Uingereza. Basi anayebisha hodi msikitini leo akitaka kusilimu, asiambiwe arudi Ijumaa. Allah amrehemu Pickthall, na amsamehe sheikh wake. Wallahu a'lam.