Mgonjwa Hufundwa

Mpwa wangu anasomea tiba ya viungo, mwaka wa tatu. Akiwa wodini kwa mafunzo ya vitendo alikabidhiwa fomu yenye nafasi iliyoandikwa "Elimu ya mgonjwa". Akamuuliza mzee mmoja aliyevunjika mguu, naye akajibu: "Darasa la saba, mjukuu wangu." Jibu likaandikwa, na mpwa wangu akakemewa na msimamizi, kwani nafasi ile ilihusu maelekezo anayopewa mgonjwa. Nasema kosa si lake wala la mzee. Ni la waliolitunga jina hilo.

Elimu ya watu wazima hupewa watu wazima; elimu ya afya huhusu afya; elimu ya mzee yule ni darasa la saba. Kiunganifu kimoja, "ya", kimebebeshwa mizigo mitatu, na jopo lililoipitisha istilahi hiyo halikuona tabu. Wapo waliotuletea "uelimishaji wa mgonjwa", neno la kipaza sauti mkutanoni, lisilokaa kando ya kitanda.

Mimi nashikilia ufundaji. Kitenzi funda kina maana mbili kamusini: kutwanga kitu hadi kilainike, na kumpa mtu maarifa. Wako wanaodai kuwa ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Siwaafiki, kwani anayetwanga hapigi mchi mara moja akaondoka, wala anayempa mtu maarifa hasemi mara moja akaondoka. Katika shina hilo tuna fundi, funza, fundisha, mwanafunzi. Na mwali hufundwa: kungwi humwonyesha kwa wimbo na kwa mwili, kisha mwali mwenyewe hufanya mbele yake, hukosolewa, hurudia. Kungwi hauchukui ukimya wa mwali kuwa ndio kuelewa.

Mpwa wangu alimweleza mzee yule kwamba, kwa magongo, mguu mzima hutangulia kupanda ngazi, na mbovu hutangulia kushuka. Mzee akaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Alipoombwa, "Babu, hebu nionyeshe," akatanguliza ule mbovu kupanda. Wakarudia mara nne, pale pale kwenye ngazi, mpaka mguu wenyewe ukajua zamu yake. Huko hakuitwi kuelimisha. Huko ni kufunda, na Kiswahili kilikuwa na neno lake kabla fomu yoyote haijachapwa.

Nilipeleka pendekezo hili la ufundaji kwa jopo lile, kwa maandishi. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba neno "linanuka unyago". Walioandika hivyo wanajiita wakufunzi, jina lililotoka katika shina hilo hilo, na hawajawahi kulionea haya. Tena unyago una aibu gani? Ni shule ambayo haimruhusu mwanafunzi kutoka kabla hajaonyesha alichopewa. Nimengoja miaka miwili wanieleze zaidi; sijaelezwa.

Matumizi ni mepesi: mtaalamu humfunda mgonjwa, mgonjwa amefundwa, ufundaji umefanyika tarehe fulani. Na ile nafasi kwenye fomu isomeke: "Mgonjwa amefundwa nini, naye ameonyesha nini?"