Kutoka Redio ya Sufuria mpaka Ampli Inayopiga Hesabu

Vijana wenzangu, mwezi uliopita kwenye mkutano wetu mikro ilianza kulia "fyuuuu" wakati tunatangaza siku ya kugawa chakula. Watu waliziba masikio, wengine wakaenda zao. Mama mmoja hakusikia tarehe, alifika kesho yake akakuta pamefungwa. Mwenye kushika mikro nilikuwa mimi. Nikasema ampli imekufa. Papa mmoja, fundi wa redio, aliyevuka kama sisi kutoka Pweto kuingia Chienge mwaka 2017, akakataa: "Haijafa. Inajisikia yenyewe." Ile maneno ilinitia kwenye kusoma.

Tuanze hapa hapa Zambia. Mwaka 1949, nchi ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini, ilitoka redio ya betri ya rangi ya bluu ambayo mwili wake ulikuwa sufuria ya alumini isiyo na mkono. Waliiita Saucepan Special. Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali, alihangaika sana kutafuta wa kuitengeneza, mpaka Ever Ready ya Uingereza ikakubali. Bei pauni 5, betri unalipa kando. Haikuwa pesa ya mchezo, lakini watu walinunua, na Kibemba kikaanza kusikika vijijini kutoka Lusaka.

Ndani yake mlikuwa na valvu nne, yaani chupa za kioo zilizotolewa hewa. Humo kipande kimoja kinapata moto na kutoa elektroni. Ng'ambo kuna bamba lenye umeme chanya, linazivuta. Katikati kuna wavu. Ukiongeza umeme hasi kidogo kwenye wavu, elektroni zinazuiwa. Ukipunguza, zinapita kwa wingi. Ni kama lango la mfereji: mkono wa mtoto unaongoza maji mengi. Ndivyo umeme dhaifu wa antena unakuwa sauti ya kujaza nyumba.

Lakini valvu inachoka. Ikizeeka, nguvu yake inabadilika. Kwa muziki si neno, unaongeza sauti tu. Kwa hesabu ni hatari.

Dawa ilipatikana mapema. Tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, injinia wa simu Marekani, alikuwa ndani ya kivuko akienda kazini New York. Wazo likamjia, akalichora juu ya gazeti alilokuwa nalo: chukua sehemu ya kinachotoka, irudishe mwanzo ikiwa imegeuzwa, ili ipunguze kosa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya George Philbrick, ya Boston, ikauza kidude kinachoitwa K2-W. Valvu mbili tu, kila moja ina valvu mbili ndani ya chupa moja. Kina milango miwili ya kuingilia. Kinaangalia tofauti kati yake na kuikuza kama mara 15,000. Ukikiacha hivyo hivyo ni kichaa, tofauti ndogo kabisa inakifikisha mwisho wa nguvu zake. Sasa kifunge na rezista mbili, ile ya kurudisha ikiwa kubwa mara 10 kuliko ya kuingilia. Volti 1 inaingia, karibu volti 10 zinatoka, alama imegeuka. Valvu zikichoka mpaka mara 10,000, jibu linasogea chini ya sehemu moja ya mia ya volti! Nilipiga hii hesabu mara tatu sababu sikuamini.

Ukiongeza rezista za kuingilia, kinajumlisha. Ukiweka kapasita mahali pa ile ya kurudisha, kinakusanya kidogo kidogo kama ndoo chini ya bomba. Kompyuta nyingi za zamani zilikuwa hivyo, namba zake ni volti.

Na mikro yetu? Kule sauti ilirudi bila kugeuzwa, kila mzunguko ikajiongeza, sababu niliweka spika nyuma yangu. Papa alizisogeza mbele, zikatazama watu.

Jumamosi tulitangaza tena. Yule mama alikaa mstari wa kwanza, akaniuliza tarehe mara mbili.