James Chiddix: Mhandisi aliyeingiza nyuzi za kioo katika runinga ya kebo

JINA la James Chiddix halifahamiki kwa watazamaji wengi wa runinga, ingawa matunda ya kazi yake yamo majumbani mwao. Mmarekani huyu, aliyekuwa afisa mkuu wa teknolojia wa kampuni ya Time Warner Cable, ni miongoni mwa wahandisi walioufanya waya uliotandazwa kwa ajili ya picha pekee kuwa pia njia ya simu na intaneti.

Chiddix aliingia katika biashara ya kebo visiwani Hawaii, alikofanyia kazi kampuni ya Oceanic kwa miaka mingi. Mnamo 1986 alihamia Colorado kusimamia uhandisi katika kampuni ya ATC, ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya Time Warner Cable.

Tatizo alilolikuta lilikuwa sugu. Mawimbi ya runinga hufifia yanaposafiri ndani ya waya wa shaba, hivyo ilibidi kufunga amplifaya njiani ili kuyapa nguvu upya. Kila amplifaya iliongeza chengachenga kwenye picha, na katika miji mikubwa njia moja iliweza kuwa na amplifaya zaidi ya 20 zilizofuatana. Moja ikiharibika, nyumba zote zilizokuwa mbele yake zilikosa matangazo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Chiddix na wenzake, wakiwemo Dave Pangrac na Louis Williamson, walionyesha kwamba leza ingeweza kupitisha mawimbi ya kawaida ya runinga katika nyuzi za kioo, bila kuyageuza kwanza kuwa ya kidijitali. Hawakutaka shaba yote ing'olewe, kwani gharama ingeziangusha kampuni. Uzi wa kioo ulifikishwa mtaani, na waya wa zamani ukamalizia safari hadi nyumbani. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi. Mnamo 1991 kampuni yake iliutumia mtaani Queens, New York, kutoa chaneli 150, na mnamo 1994 ikatunukiwa tuzo ya Emmy ya uhandisi.

Jaribio lililofuata halikuwa na bahati hiyo. Mnamo Desemba 1994, Time Warner ilizindua mjini Orlando, Florida, huduma iliyomwezesha mtazamaji kuagiza filamu, kuisimamisha na kuirudisha nyuma apendavyo. Kisanduku cha kila nyumba kilikuwa kompyuta kamili yenye bei ya kutisha. Huduma ilifikia takriban nyumba 4,000, kisha ikafungwa mnamo 1997. Wakosoaji walicheka, lakini walicheka mapema mno: vifaa viliposhuka bei, filamu za kuagiza zikawa bidhaa ya kawaida ya kebo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Baadaye Chiddix aliongoza mradi wa Mystro, ambao ungehifadhi vipindi katika mitambo ya kampuni badala ya kinasa cha nyumbani. Safari hii kikwazo kilikuwa haki za wenye vipindi. Kilichosalia ni huduma ya Start Over, iliyoanza 2005, ya kumruhusu mtazamaji aliyechelewa kuanza kipindi upya.

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Mnamo 2004 alikabidhiwa uongozi wa OpenTV ya San Francisco, waundaji wa programu za visanduku vya runinga, akauachia 2007.