Rejimenti ya 26 ya North Carolina

Rejimenti ya 26 ya Askari wa Miguu ya North Carolina ilikuwa kikosi cha jeshi la Shirikisho, yaani dola iliyoundwa na majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani mwaka 1860 na 1861 ili kuulinda utumwa. Inajulikana zaidi kwa mapigano ya Gettysburg, Pennsylvania, ya Julai 1863, ambako ilipoteza watu wengi kuliko rejimenti nyingine yoyote ya pande zote mbili.

Iliundwa karibu na Raleigh Agosti 1861 ikiwa na kombania 10, nyingi zikitoka wilaya za kati na za milimani kama Chatham, Wilkes, Ashe na Caldwell. Wengi wa askari hao walikuwa wakulima wadogo wasiomiliki mtumwa hata mmoja, na bado damu yao ndiyo iliyomwagika kwa ajili ya mali ya matajiri. Kanali wao, Zebulon Vance, alikuwa mwanasiasa wa milimani aliyepinga kujitenga mpaka vita vilipoanza. Msaidizi wake, Luteni Kanali Henry King Burgwyn, alikuwa kijana wa miaka 19 aliyehitimu Chuo cha Kijeshi cha Virginia, mtoto wa familia ya mashamba makubwa na watumwa wengi. Vance alipendwa kwa ulimi wake. Burgwyn alichukiwa kwa gwaride lisilokwisha.

Chuki hiyo iliisha katika mapigano ya New Bern, Machi 14, 1862. Jeshi la Shirikisho lilipovunjika, rejimenti ilijikuta imezuiwa na kijito cha Brice, maji yakiwa mengi na daraja halipo. Vance alijitosa na nusura afe maji. Burgwyn alisimama ukingoni akiwavusha watu kwa vijimashua vichache, zamu kwa zamu, naye akavuka miongoni mwa wa mwisho. Tangu siku hiyo gwaride lake lilivumilika.

Mwaka huohuo wa 1862 Kombania F iliandikisha askari aliyejiita Samuel Blalock. Alikuwa Malinda Blalock, mwanamke aliyejivika nguo za kiume amfuate mumewe, Keith. Mume, ambaye moyo wake ulikuwa upande wa serikali ya Washington, alijigaragaza kwenye mmea wa kuwasha mpaka ngozi ikaumuka, akaachiliwa kama mgonjwa. Ndipo Malinda naye akajitambulisha na kuondoka. Baadaye wote wawili walipigana msituni dhidi ya Shirikisho. Anayedhani watu wa milimani walikuwa na nia moja na aanzie kwa wawili hawa.

Baada ya mapigano ya Malvern Hill, Virginia, Julai 1862, Vance alichaguliwa kuwa gavana wa jimbo lake. Burgwyn akawa kanali kabla hajatimiza miaka 21, na rejimenti ikahamishiwa brigedi ya Jenerali Pettigrew.

Huko Gettysburg, alasiri ya Julai 1, 1863, watu kama 800 wa rejimenti walivuka kijito cha Willoughby na kuupanda msitu uliokuwa mikononi mwa rejimenti ya 24 ya Michigan na wenzake wa kaskazini waliosifika kwa kofia zao nyeusi. Mwishoni walifyatuliana risasi kwa umbali wa hatua 20 hivi. Bendera iliangushwa mara 13 au 14, maana kila aliyeiinua alilengwa. Burgwyn aliishika, akapigwa risasi ya mapafu na kufariki. Luteni Kanali John R. Lane aliichukua, naye akapigwa shingoni, ila alipona. Hesabu inayotajwa zaidi ni 588 waliouawa au kujeruhiwa. Wapinzani wao wa Michigan walipoteza 363 kati ya 496.

Burgwyn alikuwa na mtumwa aliyemfuata vitani, Kincien, ambaye ndiye aliyerudisha mizigo ya marehemu nyumbani. Wanahistoria wa rejimenti hii wamehesabu majeruhi wake mmojammoja; Kincien amebaki jina moja tu.

Julai 2 bendi ya rejimenti, Wamoravian wa mji wa Salem wa kanisa lilelile lenye waumini wengi leo Mbeya na Tabora, ilipiga muziki kuwatia moyo waliosalia huku mizinga ikinguruma. Kesho yake Meja John T. Jones aliwaongoza katika shambulio maarufu la uwanja wa wazi, ambalo jina la Jenerali Pickett limelitawala ingawa watu wa Pettigrew walikuwa sehemu kubwa yake. Kombania F, iliyoingia na watu wapatao 90, ilimaliza mapigano yote karibu bila mtu mzima.

Rejimenti ilijazwa upya na kupigana Bristoe Station, kisha Wilderness, alikouawa Jones Mei 1864, na katika mahandaki ya Petersburg chini ya Lane, sasa kanali. Aprili 9, 1865, ilisalimu amri Appomattox ikiwa na watu kama 130.

Mwaka 1903 Lane alikutana Gettysburg na Charles McConnell wa Michigan, aliyesadikiwa kuwa ndiye aliyemfyatulia ile risasi ya shingo.