Mashahidi wa Mwezi

Inasimuliwa kwamba jioni moja watu wa Basra walitoka kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na pamoja nao alikuwepo Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, mzee wa karibu miaka mia. Wakaangaza wote wasione kitu. Anas akasema anauona, akawaonyesha kwa kidole. Nani angethubutu kumkadhibisha sahaba? Iyas bin Muawiya, ambaye baadaye alikuwa kadhi wa mji huo, akamtazama yule mzee badala ya kuitazama mbingu. Akaona unywele mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho lake. Akaulaza kwa kidole taratibu, kisha akamwomba amwonyeshe tena. Anas akatazama, na mwezi hakuuona.

Nimefundisha fizikia katika skuli za Unguja mpaka nikastaafu, na kila tulipofika somo la mwanga nilianza na kisa hiki kabla ya lenzi na vioo. Hakuna mwongo ndani yake. Jicho lilipokea kweli mstari mweupe uliopinda. Akili ndiyo iliyouita mwezi, kwa kuwa jioni ile kila mtu alikuwa akisubiri kitu cheupe kilichopinda.

Katika Basra hiyohiyo, kiasi cha mwaka 965, alizaliwa al-Hasan Ibn al-Haytham. Alihamia Misri, na walioandika habari zake wanasema alishindwa kazi aliyotaka kuifanya ya kuyadhibiti maji ya mto Nile, akajifanya mwendawazimu kwa kumwogopa Khalifa al-Hakim, akakaa kifungoni nyumbani hadi khalifa alipotoweka mwaka 1021. Wanasema pia kwamba jijini Cairo alijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu na falaki.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, kina juzuu 7. Wengi hukisifu kwa kuthibitisha kwamba mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni, wala si jicho linalotoa miale. Ni sifa ya haki. Mimi nimevutwa zaidi na juzuu la pili na la tatu, ambamo anasema kwamba jicho peke yake haliwezi kuona ila mwanga na rangi. Yaliyobaki ni kazi ya akili inayotambua, inayolinganisha na kukata shauri, tena kwa kasi ambayo mwenyewe haihisi. Anatoa mfano wa neno «abjad». Aliyezoea kusoma akiliona limeandikwa hulijua papo hapo, bila ya kupitia herufi moja moja. Kila nikisoma mahali hapo namwona mnakili aliyeinama juu ya karatasi, akijikamata ameandika neno alilolitarajia badala ya lile lililokuwepo. Hilo nalidhani tu, lakini nalidhani kwa moyo wote.

Juzuu la tatu lote ni makosa ya macho, na sababu zake amezitaja: mwanga usiotosha, umbali uliozidi, kitu kidogo mno, hewa nzito, kutazama kwa haraka, ugonjwa wa jicho. Mwezi mwandamo unakutana na karibu zote hizo kwa pamoja.

Na huku kwetu mwezi huo ndio unaoamua lini tufunge na lini tule. Mji Mkongwe una bahati: Forodhani inatazama magharibi, bahari iko wazi, jua linatua mbele ya macho. Kwa madhehebu ya Shafii shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuingiza Ramadhani. Idi yataka wawili. Jioni ya mwezi 29 vijana walikimbilia msikiti wa mtaani kwetu, ambako marehemu baba alikuwa miongoni mwa waliowahoji. Umesimama wapi? Jua lilikuwa limeshatua? Mwezi ulikuwa kulia kwake au kushoto? Aliyekuwa karibu nawe, naye kauona?

Swali zito lilikuwa la pembe. Sisi tuko karibu na ikweta, na mwezi mchanga mara nyingi huonekana kwetu umelala kama dau, pembe zikielekea juu. Kijana aliyeapa «Wallahi, Sheikh, nimeuona!» alipewa kijiti auchore mchangani. Kuna aliyeuchora umesimama wima.

«Huo ni wa kwenye kalenda, mwanangu,» baba akamwambia. «Umekuja akilini kabla ya kuja machoni. Kaa hapa tusubiri wenzako.»

Hakumwita mwongo, na naamini kijana hakuwa mwongo. Mshipi mwembamba wa wingu uliong'arishwa na jua lililokwishatua, au nyota ya Zuhura nyuma ya ukungu, vinamtosha mtu mwenye hamu ya Idi.

Wanafunzi wangu walikuwa wagumu kukubali hili hadi nilipowapeleka pwani ya mashariki usiku wa mwezi mpevu. Unachomoza baharini mkubwa, wa rangi ya chungwa. Nyoosha mkono, ufunike kwa kidole cha mwisho: unafichika wote. Rudia saa 5 usiku ukiwa juu, mdogo kwa kuutazama, na kidole kilekile kinaufunika vilevile, maana upana wake ni kiasi cha nusu digrii popote ulipo angani. Ibn al-Haytham aliandika kwamba ukubwa ule unatokana na akili kuukadiria umbali wake. Wataalamu bado wanabishania namna inavyofanyika. Aliyepima mwenyewe, akiondoa kidole, bado anauona mkubwa.

Leo tuna hesabu. Katika miaka ya 1930 mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha kwamba mwezi ulio chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua hauonekani, na mwezi huachana na jua kwa nusu digrii hivi kila saa. Hata hivyo mashahidi hutokea jioni ambazo mwezi umetua kabla ya jua, na mtaa hugawanyika: hawa wanasema shahidi kaongopa, wale wanasema hesabu ni za watu wasio na imani. Naumia nikisikia maneno hayo, kwa sababu shahidi anaweza kuwa mcha Mungu, mkweli, na akawa hakuuona mwezi. Kwanza apewe kijiti.