Droni za burudani karibu na ndege: Makutano, Meru na Embu

Droni ni chombo cha angani kinachoongozwa na mtu aliyesimama chini akiwa na rimoti mkononi. Tanzania wengi huiita ndege nyuki kwa sababu ya mlio wake. Magazeti ya Kenya huandika ndege isiyo na rubani, jina lenye kasoro, kwani rubani yupo. Ila miguu yake iko ardhini, na chombo kikigonga kitu yeye haumii. Sheria ya Kenya humwekea masharti hata kama droni yake ni ya kujifurahisha tu.

Barabara ya B6 inaanzia Makutano, pale njia ya Embu inapoachana na barabara kuu ya Nairobi na Nyeri. Inapita Embu, Chuka na Nkubu hadi Meru, na huko Meru kuna mtaa mwingine uitwao Makutano, nao umepata jina kwa njia panda yake. Kati ya Makutano hizi mbili hakuna uwanja mkubwa wa ndege, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba anga ya hapa haina mwenyewe. Lakini kuna uwanja wa Isiolo mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru, ule uliotarajiwa kusafirisha miraa moja kwa moja bila kuipeleka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa pikapu za mwendo wa kasi. Kuna kiwanja cha Gaitu karibu na mji wa Meru, na ndani ya Mbuga ya Meru kuna Mulika na Kinna, ambako ndege ndogo za watalii hutua. Viwanja vidogo vya aina hii havina mnara wa kuongozea ndege. Marubani hutangaziana wenyewe redioni, na mwenye droni hana redio hiyo.

Ndege inayoelekea zaidi kukutana na droni katika eneo hili, hata hivyo, haitafuti kiwanja chochote. Ni helikopta, yaani chopa. Wanasiasa wa Kenya huzitumia kwenda kwenye mikutano ya hadhara, mazishi na harambee, nazo hutua katika uwanja wa shule, shamba lililovunwa au kando ya kanisa. Hafla hizohizo ndizo zinazomwita mpigapicha wa droni, ambaye jana alikuwa kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, na kesho atakuwa kwenye harusi. Picha anayoitamani kuliko zote ni ya chopa ikishuka huku umati ukikimbilia vumbi lake. Kwa hiyo droni na helikopta hazikutani kwa bahati mbaya. Zimealikwa mahali pamoja, saa ileile, na mara nyingi na mwenyeji mmoja. Katika sherehe za kitaifa hali ni tofauti. Madaraka Dei iliadhimishwa Kinoru, Meru, mwaka 2018, na katika uwanja wa Moi mjini Embu mwaka 2023. Siku kama hizo anga hulindwa na vyombo vya usalama. Mkutano wa kawaida wa Jumamosi hauna ulinzi wa namna hiyo.

Uzito wa droni huwadanganya watu. Nyingi za burudani hazifiki kilo moja, na wengi huzilinganisha na ndege wa porini: ikiwa kunguru haangushi chopa, kidude hiki kitafanya nini? Kinachosahaulika ni mwendo. Helikopta inayokwenda kilomita 216 kwa saa hukata mita 60 kila sekunde. Ikigonga droni iliyotulia hewani, kishindo chake ni sawa na cha droni hiyo ikianguka kutoka mita 180 hivi, kimo kinachopita kwa mbali jumba la KICC la Nairobi lenye mita 105. Tena ndege wa porini ni nyama, manyoya na mifupa yenye uwazi ndani, hivyo hupondeka. Droni ina mota za chuma, kamera na betri ya lithiamu iliyo ngumu kama kipande cha tofali. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dayton, Marekani, walifyatua droni ya kilo 0.95 kwenye bawa la ndege ndogo aina ya Mooney kwa mwendo wa kilomita 383 kwa saa. Droni ilipenya ndani na kuharibu mhimili mkuu wa bawa. Kampuni ya DJI, iliyotengeneza droni hiyo, ililalamika kwamba mwendo uliotumika ulizidi hali halisi, na hoja yake ina uzito. Lakini helikopta ina sehemu dhaifu kuliko bawa: kioo cha mbele na pangaboi dogo la mkiani. Pangaboi hilo likivunjika, helikopta huanza kujizungusha yenyewe.

Rubani wa ndege hawezi kutegemewa kukwepa. Kitu chenye upana wa mkono mmoja, kikiwa mita 500 mbele yake, kitamfikia baada ya sekunde nane hivi, na kwa umbali huo ni nukta tu mbele ya mawingu. Aliye chini naye macho yake yako kwenye skrini ya simu. Chombo chenyewe pia kina tabia ya kuamua. Droni nyingi zikipoteza mawasiliano na rimoti hupanda zenyewe hadi kimo kilichowekwa mapema, kisha hurudi zilikotoka kwa mstari ulionyooka. Katika uwanja wazi tabia hiyo huokoa mali ya mtu. Katika mkutano wenye maelfu ya simu na mitambo ya kurushia matangazo, mawasiliano huweza kukatika wakati wowote, na droni ikapanda juu bila kuulizwa, pengine chopa ikiwa ndiyo inashuka.

Kenya haikufikia sheria yake kwa njia fupi. Kwa miaka kadhaa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) ilitaka kila mrushaji aombe kibali, na wageni waliofika na droni wakajikuta wakiziacha forodhani. Kanuni za kwanza zilizotungwa mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge la Taifa mwaka 2018. Zinazotumika sasa ni Kanuni za Usafiri wa Anga kuhusu Vyombo Visivyo na Rubani za mwaka 2020, Tangazo la Kisheria Na. 42, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013. Zinagawa urushaji katika makundi matatu, A, B na C, kwa kupima hatari yake. Mwenye kumiliki awe ametimiza miaka 18, chombo kisajiliwe, na anayekiingiza nchini apate kibali kwanza. Bila idhini maalumu, droni isipande zaidi ya futi 400, yaani mita 120 hivi, juu ya ardhi, na isikaribie watu, magari au majengo yasiyohusika chini ya mita 50. Isirushwe ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vya ndege vikubwa, au kilomita 7 kutoka vile vidogo vinavyopokea ndege zenye mabawa yasiyofika mita 24. Mbuga za wanyama zina mlango wake mwingine: kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Futi 400 si namba ya kubahatisha. Kwa kawaida ndege haziruhusiwi kushuka chini ya futi 500 isipokuwa zinaporuka au kutua, kwa hiyo futi mia moja zinabaki kama ua kati ya majirani wawili. Miteremko ya Mlima Kenya huubomoa ua huo mapema. Droni nyingi hupima kimo kuanzia pale ziliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Mtu akiirusha kwenye ukingo wa bonde la Thuci, au la Kathita kule Meru, skrini itamwonyesha mita 110 na moyo wake utatulia. Chombo kikishavuka ukingo, bonde linadidimia na droni imeshapita mita 120 bila kupanda hata hatua moja. Mrushaji hajagusa kitu wala kudanganya, ila sheria imevunjwa.

Upande wa pili wa ua, ndege nazo hushuka. Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kusambaa hadi Meru mwaka uliofuata, ndege za kunyunyizia dawa ziliruka karibu sana na ardhi. Mashamba ya mpunga ya Mwea, yasiyo mbali na Makutano ya barabara ya Embu, yana adui wa kila msimu, kwelea-kwelea, na kupambana nao kwa ndege ni kuruka chini vilevile. Mlima Kenya nao huwaka, kama ulivyowaka Machi 2012, na moto ni picha inayomvuta kila mwenye kamera. Januari 2025, moto ulipokuwa ukiteketeza nyumba Los Angeles, droni ya mtu binafsi iligonga bawa la ndege ya kuzimia moto. Ndege ilitua salama, lakini bawa lilikuwa limetobolewa na ikabidi iache kazi kwa muda, moto ukiendelea.

Mgongano huo si wa kwanza. Septemba 2017 helikopta ya jeshi la Marekani iligongana na droni karibu na Staten Island, New York. Mwenye droni alikuwa ameshaiachia ipite mbali na macho yake, na hakujua kilichotokea mpaka wachunguzi walipomfikia. Mwezi uliofuata ndege ya abiria iligonga droni ikikaribia kutua Quebec, Kanada, ikatua salama. Tukio la kuripotiwa droni kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick, London, Desemba 2018, lililoathiri safari karibu 1,000, hutajwa kuliko yote, ingawa pale hakuna ndege iliyoguswa.

Programu za droni zilizoea kukataa kuruka karibu na viwanja vikubwa. Januari 2025 DJI iliondoa kizuizi hicho Marekani na kubakiza onyo ambalo mrushaji anaweza kulipuuza. Kwa uwanja wa shule ambao chopa itautumia mara moja tu, kizuizi hicho hakikuwahi kuwa na maana, kwa sababu hakuna ramani inayouonyesha. Njia inayofaa katika hafla kama hizo ni mrushaji kujua saa ya kutua kutoka kwa waandalizi, na kuwa na mwenzake wa kutazama anga. Mwenzake huyo haangalii skrini. Husimama mbali kidogo na vipaza sauti, na akisikia ngurumo ya chopa upande wa Nkubu au Embu husema neno moja, shusha, na droni huwekwa chini mpaka mapangaboi ya mgeni yasimame.