Kukabili si Kuhimili

Ukipekua mpango wa maendeleo wa halmashauri au kaunti, huenda ukakuta sura ya “kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi.” Chini yake huingia kila kitu: upandaji miti, semina, hata pikipiki za maofisa. Kitenzi hiki kimetokana na Kiarabu na ni cha ukoo mmoja na kibla. Kukabili ni kuelekeza uso, na aliyeelekea kibla bado hajaswali.

Wataalamu hugawa kazi hiyo mara mbili. Kwanza ni kupunguza gesijoto, mzigo ambao sehemu kubwa yake ni ya nchi zenye viwanda vikubwa. Pili ni kuhimili, yaani kupanga maisha kwa mvua na joto vilivyokwisha kubadilika. Hii ndiyo hasa kazi ya serikali za mitaa, kwa kuwa ndizo zilizo karibu na visima, mitaro na barabara za vijijini.

Neno kuhimili nalo ni la Kiarabu, ndugu yake hamali. Fundi ujenzi analijua vizuri: mwambie nguzo itahimili, atakuuliza uzito gani. Mpangaji naye aulizwe hivyo hivyo. “Wadi itakabiliana na ukame” ni sentensi ambayo mkaguzi hana pa kuishika. “Kisima kihimili miezi minne bila mvua, kwa watu na mifugo yao” inapimika.

Kaunti ya Makueni, Kenya, ilipitisha kanuni za mfuko wa tabianchi mwaka 2015, ikautengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Kamati za wadi, zenye wenyeji ndani yake, ndizo huibua miradi. Ukambani kote, Makueni ikiwemo, watu wanalijua bwawa la mchanga: ukuta hukatiza mto wa msimu, mafuriko yakaujaza mchanga kwa nyuma, maji yakajificha kati ya chembe jua lisikoyafikia. Lakini ukuta sharti ukae juu ya mwamba, la sivyo maji hupenya chini kwa chini. Kabla mhandisi hajapima, ni vyema amuulize anayechota maji hapo: kiangazi kikikaza, ni wapi mchanga hubaki na unyevu?

Tatizo huanza kitenzi kinaporefushwa kuwa kustahimili. Mizizi ni ileile, ila mbebaji amebadilika. Ripoti ikisifu “jamii stahimilivu,” mara nyingi inamsifu mama aliyetembea mbali zaidi na mtungi wake, huku ukuta ukiwa haujajengwa. Subira ya mwananchi si mradi wa kaunti.

Kwa hiyo bajeti inapoletwa kwa wananchi, neno kukabiliana lisipite bila maswali matatu: ni kitu gani kitahimili, kihimili kiasi gani, na nani atalipa kikishindwa? Mpango usioyajibu urudishwe kwa aliyeuandika.